Mvua Ikinyesha

Siku ya tatu baada ya kumzika,
wageni wamekwishakunja mikeka,
vumbi la Handali limerudi kukaa mahali pake
juu ya meza, juu ya redio, juu ya kofia yake,
ndipo nikausikia ukimya.

Asiyekulia kwetu hatanielewa.
Sisi tuliamshwa na baba, si na jogoo:
saa kumi na moja, gizani, anazungusha hendeli,
mashine inakohoa, inakataa, inakohoa tena,
inakubali,
na kijiji kizima kinajigeuza kitandani kikijua
leo pia maji yapo.

Mwaka juzi wakaleta pampu ya jua.
Haikohoi. Kijana wa kamati anabonyeza kidude,
maji yanatoka bila kumwamsha mtu.
"Ni vizuri," baba alisema, akageuza uso.
Lakini saa kumi na moja aliendelea kuamka,
akikohoa uani, polepole,
kifua chake kimeshika zamu ya mashine.
Sasa na chenyewe kimezimika.

Mama alimwita mume wa dizeli.
Shati lake lingali nyuma ya mlango,
lina ile harufu iliyoishinda sabuni miaka yote.
Nani atathubutu kulifua?

Kidole chake cha shahada kiliishia katikati.
Mkanda wa mashine ulikula kipande mwaka wa njaa;
akakifunga kitambaa, akamalizia foleni,
ndoo ya mwisho ikajaa ndipo akaketi chini.
Alipotuelekeza mahali, alitumia kilichobaki,
nasi tukimcheka: baba anaonyesha nusu ya njia.
Alicheka kuliko sisi.

Sitasema alikuwa malaika.
Alimfukuza mjomba Ndahani na punda wake wanne
kwa kuruka foleni, mchana kweupe, mbele ya wakwe,
wasisemezane misimu miwili ya uwele.
Na mimi alininyima chai siku nzima
nilipojikwaa nikamwaga ndoo.
"Ardhi haikushukuru," alisema. Basi.

Leo, chini ya godoro, ndani ya mfuko wa sukari,
nimelikuta daftari la madeni.
Mwandiko umelala upande
kama mtama uliopitiwa na upepo wa Agosti.
*Mama Chiloleti, ndoo mbili. Mvua ikinyesha.*
*Mwalimu Sangula, ndoo tano. Mshahara ukitoka.*
*Bibi Mataka wa bondeni, ndoo moja,*
ndoo moja, ndoo moja, ukurasa mzima,
na chini yake: *mvua ikinyesha.*
Imenyesha mara ngapi tangu hapo, baba?
Hukumgongea mtu mlango.

Na pembeni, kwa herufi ndogo, kila siku:
*Nyumbani kwangu, ndoo nne. Nimelipa.*
Nimelipa. Nimelipa.
Kisha tarehe moja ya Oktoba:
*Ndoo moja zaidi. Perusi kaimwaga. Nimelipa.*

Mazikoni sikulia, nilikuwa nahesabu sahani.
Nimelilia hapa, juu ya ndoo moja
ya mwaka nisioukumbuka.

Jioni wingu lilisimama juu ya kilima,
likatutazama, likaenda zake Mpwapwa.
Bibi Mataka akaingia uani bila hodi,
akafungua fundo la kanga kwa meno,
akatoa sarafu ya mia mbili, ya moto kwa jasho lake.
"Ya Hezekia," akasema.
Nikamwambia, bibi, mvua bado.
"Najua," akasema. "Nimechoka kuingoja."

Akaketi kwenye kigoda cha baba, hakuomba ruhusa.
Mimi nikaingia ndani,
nikaanza kutafuta kalamu.